Chiriku Weupe wa Mzee Jicho

Mayai yalijaa kiota mpaka mengine yakawa yanabingirika sakafuni mwa tundu, na hata moja halikutotoa. Na kosa, kama ilivyo ada ya nyumba ile, lilikuwa la binti wa pale, Msasa.

"Ni vumbi lako hilo," baba yake alisema. Alikuwa ameinamia tundu la ndege pale barazani, mikono nyuma, uso umekunjamana. "Unapiga msasa mchana kutwa, vumbi linapanda, ndege wanalivuta. Yai litatotoa vipi?"

"Baba, gereji iko ng'ambo ya ua. Na mlango naufunga."

"Basi ni kelele za kompresa ya upepo."

"Kompresa unaiwasha wewe."

"Usinijibu-jibu, mama. Nakwambia kitu, nawe unanirudishia. Ndiyo maana hujifunzi."

Msasa akameza maneno. Alikuwa ameyameza mengi mwaka ule, jamani, mpaka ilikuwa ajabu bado ana nafasi ya chakula. Akaokota yai moja lililoanguka, akalielekeza juani. Lilikuwa jeupe ndani kama maji ya bomba, halina mshipa, halina chochote. Viza tupu. Akalirudisha kimyakimya, maana angelionyesha, lingezuka jingine.

Hebu kwanza tuwaeleze hawa chiriku, maana bila hivyo huwezi kuelewa kwa nini mtu mzima mwenye akili zake alikuwa anataka kulia mbele ya yai. Chiriku wa kufuga wa kawaida, wale wa kijivu, hawana shida yoyote. Dume kapambwa: mashavu rangi ya chungwa, kifua kina milia myeusi, ubavuni kahawia yenye madoadoa meupe. Jike ni wa kijivu tu, basi. Mtu ukimwamsha usingizini ukamuuliza yupi dume na yupi jike, atakujibu kisha ajigeuze upande wa pili alale. Lakini baba alipokwenda kununua aliwakataa hao. "Ni ndege wa watu wasio na jicho," alisema. Akachukua weupe. Na chiriku mweupe, mwenzangu, ni mweupe pe kuanzia utosini hadi mkiani, dume na jike sare moja. Mashavu hakuna, milia hakuna. Kinachobaki kuwatofautisha ni mdomo: dume mdomo wake mwekundu, jike mdomo wake rangi ya chungwa. Ni hilo tu.

Sasa hawa wawili wa baba wote walikuwa na midomo ya rangi ya chungwa. Msasa aliliona siku ile ile walipoletwa, hata kabla tundu halijatundikwa ukutani, na kwa ujinga wake akasema. "Baba, umepewa majike wawili." Baba akamtazama kana kwamba ametukanwa sokoni. "Huyu wa kulia mdomo wake mwekundu kama pilipili. Huoni? Kweli huoni, mwanangu? Mimi nasema kila siku kuwa huna jicho, wewe unanuna."

Huna jicho. Mtoto wa fundi wa nyumba nyingine akiambiwa hivyo anacheka anaendelea na mambo yake. Kwa Msasa lilikuwa neno la kumfukuza mtu duniani.

Gereji yao haikuhusika na injini. Ilikuwa ya rangi. Gari likigongwa, likikwaruzwa, likichunika, lilikuja kwao, na kilicholeta watu kutoka mbali ni jinsi baba alivyochanganya rangi. Hakusoma namba za makopo wala hakutaka kusikia habari za mashine ya kupimia. Alikuwa anakibandua kile kifuniko kidogo cha tundu la mafuta, anakwenda nacho mlangoni penye mwanga, anakitazama weee, kisha anarudi mezani. Tone la hili, tone la lile, anakoroga kwa kijiti, anapaka nusu ya kifuniko, anasubiri kikauke. Kikikauka, anampa mwenye gari na kumwambia atafute mpaka kati ya rangi ya kale na mpya. Mtu anatafuta mpaka anachoka. Ndipo wakamwita Mzee Jicho, na jina lake la kuzaliwa likabaki la kwenye vyeti.

Msasa aliitamani ile meza ya kuchanganyia tangu alipomaliza shule. Kunyoosha bati alifundishwa, kupaka pati ya kuziba mabonde alifundishwa, kupuliza alifundishwa hadi akawa anampita baba kwa utulivu wa mkono. Kuchanganya, bado. "Subiri jicho likomae," baba alikuwa akisema, naye akasubiri, kwa sababu ahadi ilikuwepo: baba akistaafu, meza ni yake.

Kisha mwaka huu magari yakaanza kurudi. La kwanza lilirudi na bampa lililopishana rangi na mwili. La pili na boneti. La tatu ndilo lililoleta balaa, gari la mwanamke mwenye saluni ya njia panda, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Saluni. Gari lake lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, analipenda kuliko ndugu zake, na alirudishiwa likiwa na mlango mmoja wenye rangi mithili ya tofali. Alisimama katikati ya gereji, kucha zake ndefu kiunoni, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi kituo cha basi kama mlango ule ni wa gari lake au wameazima kwa jirani.

Na baba, baba yake mzazi, bila hata kupepesa macho, akasema: "Samahani sana, mama. Ni binti yangu. Alipuliza bila kukoroga vizuri."

Msasa alikuwa amekoroga. Alikoroga mpaka kiwiko kikauma. Lakini unamkana vipi baba yako mbele ya mteja? Akainamisha kichwa, akatukanwa, akatukanika. Kuanzia siku ile akanyang'anywa bomba la kupulizia, akapewa msasa wa karatasi na ndoo ya maji, na mafundi wa jirani, ambao Mungu hakuwanyima ulimi, wakambandika jina. Msasa. Mwanzoni lilikuwa utani. Baadaye hata muuza maji akawa analitumia, na hakuonekana kujua kuna jina jingine.

Kubwa zaidi lilikuja mezani, wakati wa kula. Baba akatangaza kwamba anamleta binamu yake Msasa, mtoto wa shangazi, amfundishe kuchanganya. Atakuja Jumatatu. Msasa alimjua huyo binamu: jitu zima ambalo lilishindwa kuuza simu, likashindwa kuuza viatu, na ambalo ukiliambia lolote linajibu "sawasawa, mjomba". Ukiliambia nyumba inaungua, sawasawa, mjomba.

"Na mimi?" Msasa aliuliza.

"Wewe una mkono," baba alisema, akimega chakula. "Hukujaliwa jicho. Si kosa lako."

Unajua kinachouma? Alianza kuamini. Alianza kujipima kwa siri, akisimama sokoni mbele ya nyanya, akizitazama kucha za watu, taa za barabarani, mabati ya paa, akijiuliza kama wekundu anaouona yeye ndio wekundu wenyewe. Mtu anaweza kukufanya hivyo, akiwa baba yako na akirudia neno lile lile kila siku.

Basi siku hiyo ya mayai viza, baba akakata shauri. "Huyu dume ni mbovu," alisema. "Twende tukambadilishe. Na wewe unakuja, ushuhudie, ili kesho usinisumbue."

Duka la ndege lilikuwa jembamba kama ushoroba, limejaa matundu kutoka chini hadi darini, lina harufu ya uwele na manyoya, na kelele zake zinaingia hadi kwenye meno. Muuza ndege alipomwona baba akaweka chini kopo la mbegu na kushusha pumzi. Haikuwa mara ya kwanza. Kumbe baba alikwishambadilisha yule "dume" mara mbili bila kusema nyumbani.

"Mzee wangu, karibu. Leo niruhusu nikuchagulie."

"Unichagulie mimi? Mimi?"

"Sina maana mbaya, mzee. Dume huyu hapa, ona mdomo wake. Mwekundu."

Baba akasogeza uso hadi pua ikagusa waya. Msasa akasogea naye. Ndani walikuwa chiriku weupe kama kumi hivi, na yule aliyeonyeshwa alikuwa na mdomo mwekundu wa wazi, mwekundu wa kufungia mjadala. Baba alimtazama, akahamia kwa mwingine, akarudi kwa wa kwanza. Alichukua muda mrefu kwa mtu aitwaye Jicho.

"Huyo mdomo wake umefifia," alisema mwishowe. "Umekuwa mweusi-mweusi. Nipe huyu." Akanyoosha kidole kwa jike mwenye mdomo wa chungwa linalong'aa kuliko wote mle ndani.

"Mzee, huyo jike."

"Mimi nimechanganya rangi kabla hujazaliwa!"

"Sikatai, mzee, lakini huyo jike. Majike watatu umeshachukua kwangu ukisema ni dume, huyu wa nne. Watu watasema nakudhulumu."

"Mfunge."

Muuza ndege akamtazama Msasa, macho yakiomba msaada. Msasa akainua mabega. Alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa, na hasira ilikuwa imempanda hadi akawa anasikia joto masikioni, lakini juu ya hasira kulikuwa na kitu kingine kinachomkereketa. Mweusi-mweusi. Mtu anatazama mdomo mwekundu kama ule anasema umekuwa mweusi-mweusi?

Lilimjia njiani, wakiwa wanavuka barabara, baba mbele na tundu mkononi akilalamikia wafanyabiashara wa siku hizi. Lile bampa lilikuwa jekundu. Ile boneti ilikuwa nyekundu. Mlango wa Mama Saluni, damu ya mzee. Magari meupe hayakurudi. Ya buluu hayakurudi. Msasa akasimama katikati ya barabara mpaka pikipiki ikampigia honi na mwenye pikipiki akamuuliza kama anataka kufa.

Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja jikoni. Mama alikuwa anaosha vyombo.

"Mama, baba haoni nyekundu."

Alitegemea mama ashtuke. Aseme "Unasemaje?", aangushe sahani, alau ageuke. Mama akaendelea kuzungusha kitambaa ndani ya sufuria, polepole, na Msasa akaelewa.

"Ulijua."

"Funga mlango," mama alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Alikuwa akienda sokoni ananiletea nyanya mbichi, anasema zimeiva. Nikamburuta hospitali ya macho. Wakasema ni mshipa wa nyuma ya jicho. Gazeti anasoma, sindano anatunga uzi, lakini wekundu unamwondokea, na haurudi." Mama akasuuza sufuria. "Alitoka pale amenuna. Akasema daktari mwenyewe amevaa tai isiyolingana na shati, atamwambia nini yeye kuhusu rangi. Ndipo akanunua hao ndege."

"Ndege wanahusiana na nini?"

"Alisema atachagua dume kwa jicho lake mwenyewe, mtu asimsaidie. Wakitotoa, basi jicho lipo, na daktari ni mwongo. Wasipototoa..." Mama akaisukuma sufuria kando.

Msasa akavuta kigoda akakaa. Akaona mwaka mzima unapita mbele yake: vumbi, kompresa, huna jicho, kucha za Mama Saluni. "Na mimi je, mama? Ulikuwa unakaa pale unakula, unasikia naitwa kipofu, unaniongezea mchuzi!"

"Ulikuwa unavumilia, mwanangu."

"Nilivumilia kwa sababu sikujua!"

"Usipige kelele, atasikia."

"Asikie! Ebo! Katika nyumba hii kila mtu asikie isipokuwa mimi?"

Mama akakausha mikono, akaja akachuchumaa mbele yake, na Msasa akajua kwamba linakuja ombi. "Nisikilize. Rudi kule dukani. Chukua dume, dume la kweli. Baba yako akiwa anaoga mtoe huyu wa leo, umwingize huyo. Hatajua, wanafanana. Watotoe vifaranga viwili vitatu, moyo wake utulie. Hana kingine, mwanangu. Wewe bado una miaka mbele yako."

Lo! Kuna maombi mtu akiombwa anashindwa hata kukasirika, anabaki ametoa macho. Vifaranga vikitotoka, jicho la baba lipo. Jicho la baba likiwepo, basi aliyeharibu magari matatu ni Msasa, na hakuna wa kulifuta hilo hadi anazeeka. Jumatatu binamu Sawasawa anakaa mezani, na yeye anabaki na ndoo yake ya maji. Mama alilijua lote hilo, na akaomba vilevile.

"Sawa," Msasa akasema. Hata yeye hakujua amesema sawa ya nini.

Kesho yake mchana alikwenda dukani peke yake. Muuza ndege akamuuliza anataka yupi, na Msasa akajisogeza kwenye waya na kunyoosha kidole. "Yule. Na yule pale kwenye pembe. Na huyu anayekunywa maji. Hao ni madume. Waliobaki wote majike."

"Hujakosea hata mmoja," muuza ndege alisema, akifungua tundu bila kumtazama, kana kwamba ni jambo la kawaida tu. Msasa ilibidi ageukie upande wa kasuku ajifute uso. Mwaka mzima, jamani. Mwaka mzima alikuwa mzima wa macho.

Akarudi na dume ndani ya boksi dogo la viatu lililotobolewa. Baba alikuwa bafuni. Maji yalisikika yakimwagika. Msasa akasimama barazani mbele ya tundu, boksi mkono mmoja, mkono mwingine kwenye kijilango, na hakufanya lolote. Ukimuuliza alikuwa ameamua nini, angekwambia hajui. Mama alikuwa akichungulia dirishani akimfanyia ishara za haraka, fanya, fanya, na ishara zile zikamkera mpaka akampa mgongo.

Ndipo yule wa kwenye boksi akawasikia majike. Akaanza kuimba. Si wimbo wa kujivunia, ni kama kitarumbeta cha mtoto kilichokwama, lakini aliupiga kwa moyo wote, anarudia na kurudia, na boksi likawa linatetemeka mkononi mwa Msasa.

Maji yakakatika bafuni. Baba akatokea na taulo begani, povu bado sikioni.

"Ni nani huyo?"

Msasa akalishika boksi kwa mikono miwili.

"Hawa wangu hawajawahi kuimba hivyo," baba alisema. "Hata mara moja."

"Majike hawaimbi, baba. Anayeimba ni dume."

Baba akalitazama boksi, akalitazama tundu. Dirishani mama alikwishatoweka. "Mwingize," baba alisema.

Msasa akamwingiza. Wakawa watatu, wote weupe, wakaruka huku na huku kutoka kijiti hadi kijiti, na dume akaendelea kuimba huku akijinyoosha kifua. Baba alimfuata kwa macho. Kisha dume akanyamaza, akaruka katikati ya wenzake, wakachanganyikana, na Msasa akayaona macho ya baba yake yakimpoteza. Yalikwenda kwa huyu, yakaenda kwa yule, yakarudi.

"Yupi?" baba akauliza.

Kwa mwaka mzima alikuwa akiuliza maswali ya kumkamata mtu. Hili halikuwa hivyo. Msasa akamwonyesha kwa kidole, na baba akaitikia kwa kichwa polepole, na wakakaa kwenye benchi wote wawili bila kutazamana.

"Ulijua?" Msasa aliuliza.

"Daktari alisema. Sikumwamini."

"Gari la Mama Saluni je?"

Baba akajifuta povu. "Hapo nilijua. Nilipouona uso wake, nikajua."

"Na bado ukasema ni mimi."

"Nilisema wewe," baba akaanza, akasita, akaanza tena. "Wewe kesho yake ungerudi kazini. Mteja akiondoka harudi. Nikasema, huyu ni wangu, atanielewa tu."

Msasa akacheka. Kicheko kilitoka chenyewe, kibaya, hata ndege wakatulia. Atanielewa tu! Yaani mtu anakukanyaga kwa sababu anajua wewe ndiye hutahama! "Sikuelewi, baba," alisema. "Nimejaribu na sikuelewi. Jumatatu Mama Saluni analeta gari lake lipakwe upya. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako, na binamu akiwepo. Sitaki kuombwa msamaha hapa barazani mbele ya ndege."

"Watu wakisikia wataacha kuleta magari. Jina langu—"

"Na langu je, baba? Mimi naitwa Msasa!"

Baba akainuka, akavuta taulo lake, akaingia ndani. Na jioni ile hakula.

Jumatatu binamu alifika na ovaroli mpya yenye mikunjo ya dukani. Baba alimkabidhi msasa na ndoo ya maji. Binamu akaviangalia, akasema sawasawa, mjomba, lakini safari hii sauti ilipanda juu mwishoni.

Mama Saluni akafika akiwa tayari amekasirika, kama mtu aliyejiandaa tangu asubuhi. Hakumsalimia Msasa. Alimpita kama anavyopita nguzo, akaenda kwa baba, akampa mkono wa heshima.

"Mzee wangu shikamoo. Leo nataka unipakie wewe mwenyewe. Si huyo."

"Marahaba," baba alisema. Akakohoa. Msasa alikuwa amesimama karibu na meza. "Mama, lile kosa la mlango halikuwa la binti yangu. Nilichanganya mimi. Macho yangu hayaoni tena nyekundu."

Binamu akaacha kupiga msasa. Mama Saluni akamtazama baba, kisha uso wake ukalainika, akaweka mkono kifuani.

"Jamani, mzee," alisema. "Baba wa namna yako siku hizi hawapo. Mpaka unajisingizia ugonjwa kumkinga mtoto! Lakini usimdekeze, mzee wangu. Atakuharibia kazi."

"Nimesema ni mimi."

"Nimekuelewa, mzee, nimekuelewa," akamkonyeza. "Yameisha. Tusiyarudie."

Msasa alitaka kuuma kitu. Ukweli umetafutwa mwaka mzima, umetolewa kwa koleo, na huyu mama anaupokea kama pipi! Akajua kwamba wakikaa kubishana pale hadi jioni Mama Saluni atazidi tu kumpenda mzee. Basi akaliendea gari, akabandua kifuniko cha tundu la mafuta, akaenda nacho mlangoni penye mwanga.

"Anafanya nini huyo?" Mama Saluni aliuliza.

Msasa alirudi mezani, akakaa kwenye kiti ambacho hakuwahi kukikalia, akafungua kopo la kwanza. Nyekundu, nyeusi kidogo, akakoroga. Akaangalia. Ilikuwa imezidi uchangamfu, ya ujana ujana, akatia nukta ya buluu, akakoroga tena, akaongeza tone la nyeusi. Akapaka nusu ya kifuniko, akakielekeza kwenye upepo wa feni. Baba alikuwa amesimama nyuma yake muda wote huo, na kwa mara ya kwanza tangu Msasa aijue ile gereji, hakumkosoa.

Kilipokauka, Msasa akampa mwenye gari.

Mama Saluni akakipokea kwa ncha za vidole, kana kwamba kitamchafua. Akaenda nacho nje. Akakigeuza juani, akakisogeza karibu na macho, macho ambayo kazi yake yote ni kulinganisha rangi za nywele na rangi za midomo ya watu. Akapitisha ukucha, akaupitisha tena.

"Eh! Sioni mpaka," alisema. "Sioni mpaka kabisa!" Akarudi ndani ametabasamu hadi magego, akampita Msasa, akamnyooshea baba mkono. "Hongera, mzee wangu. Nilijua tu. Jicho ni jicho."

Msasa akafumba macho. Hakuwa na nguvu hata ya kukasirika.

Baba hakuupokea ule mkono. Akakichukua kifuniko, akakiinua mbele ya uso wa Mama Saluni, na alipozungumza alizungumza kwa sauti kubwa, ya kusikika hadi gereji za jirani, ambako nyundo zilinyamaza moja moja.

"Mimi hapa naona tope, mama. Ya kale tope, mpya tope. Kama imelingana au haijalingana, sijui, na Mungu ni shahidi yangu. Muulize binti yangu. Yeye ndiye anayeona."

Mkono wa Mama Saluni ulikuwa bado hewani. Akaushusha taratibu. Akamtazama baba vizuri, macho kwa macho, kwa mara ya kwanza bila kumwonea huruma, kisha akamgeukia Msasa.

"Imelingana?" akauliza.

Na baba naye alikuwa amemgeukia, kifuniko mkononi, akisubiri kuambiwa kama mteja mwingine yeyote. Msasa akakichukua, akakipeleka mwangani, na hakuwa na haraka.